Kibao kimejaa rangi kali lakini ng'ambo ya barabara hakisomeki: kosa liko wapi?

#1 Fundi_Makupa
Waungwana, salaam. Naleta kibao kimoja cha hapa Mombasa tukichambue pamoja. Kimechorwa kwenye bati la futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220, juu ya mlango wa duka la vyakula. Rangi ya chini ni nyekundu. Maneno DUKA LA VYAKULA ni buluu iliyokoza, yamezungushiwa ukingo wa manjano wa nusu inchi. Chini yake picha sita: mchele, mafuta, sukari, unga, sabuni na majani ya chai. Kulia namba mbili za simu, kushoto KARIBUNI WATEJA WOTE, na mshale unaoonyesha mlango.

Ukisimama chini yake kinapendeza. Ukivuka barabara, kama mita 25 hivi, unaona wekundu mtupu na vimistari vya manjano vinavyometameta, neno hulipati.

Mimi nasema kosa ni rangi. Nyekundu na buluu zina majina mbalimbali lakini kwa kiasi cha mwanga ni ndugu. Kipige picha kwa simu, uiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe: maandishi yanazama ndani ya kijivu. Mwenye sababu nyingine alete.

#2 Bint_Kibokoni
Rangi ni mshitakiwa wa pili. Wa kwanza ni msongamano.

Nenda Mtaa wa Biashara ukatandaze leso (kanga) yoyote uitazame. Ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina limelala chini ya mji ndani ya kisanduku chake, karibu na pindo la chini. Hata mji uwe na maembe, korosho na nyota, hakuna ua linalothubutu kuingia kwenye chumba cha jina. Ndiyo maana linasomeka.

Sasa hesabu kibao chako: jina moja, picha sita, simu mbili, karibuni, mshale. Wapangaji 11 kwenye chumba kimoja, na hakuna hata ukuta kati yao. Jicho litaanzia wapi?

#3 Hesabu_Tudor
Fundi ana haki, tena kwa namba. Mapendekezo ya kimataifa ya kurasa za mtandao yanapima utofauti hivi: kila rangi ina kiwango cha mwanga kutoka 0 (nyeusi) hadi 1 (nyeupe). Nyekundu kamili ni 0.2126, kijani kamili 0.7152, buluu kamili 0.0722. Chukua rangi yenye mwanga zaidi ongeza 0.05, ugawe kwa yenye mwanga mdogo ukiongeza 0.05 vilevile. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike 4.5, makubwa angalau 3.

Buluu juu ya nyekundu: 0.2626 kwa 0.1222, unapata 2.15. Imeanguka.
Nyeupe juu ya nyekundu: 4.0.
Manjano juu ya nyekundu: 3.7.
Nyeupe juu ya buluu: 8.6.
Manjano juu ya buluu: 8.0.
Nyeusi juu ya manjano: 19.6.
Manjano juu ya nyeupe: 1.07, yaani karibu hakuna kitu.

Hiyo ya mwisho naiweka kwa ajili ya wanaosema "manjano inaonekana mbali". Inaonekana ikiwa imekaa juu ya giza. Juu ya nyeupe inapotea.

#4 Mkono_wa_Brashi
Hesabu_Tudor, hizo ni rangi za skrini. Rangi ya kopo haina wekundu kamili wala buluu kamili. Buluu ya mafuta ikikauka huwa nzito kuliko ya kompyuta, na nyekundu nayo hutofautiana kopo kwa kopo. Mpangilio wako ni sahihi, lakini fundi asitembee na 2.15 mfukoni kama bei ya sukari. Apake vipande viwili vya kiganja kimoja kimoja, vikauke, avifinyie macho. Vikiungana, aache.

Kisha hakuna aliyeutaja ukingo. Tazameni vizuri. Buluu ni giza, nyekundu ni giza kiasi, na kati yao kuna mstari wa manjano wa nusu inchi. Kwa mbali giza mbili zinaungana na kinachobaki ni ule mstari. Kwa hiyo jicho halioni D. Linaona waya mwembamba wa manjano uliopinda nje, na waya mwingine ndani ya tumbo la D. Herufi imegeuka kuwa ukingo wa herufi. Ukingo umekula herufi.

Ukingo kazi yake ni kutenganisha. Herufi ikiwa ya mwanga, ukingo uwe wa giza. Kibao hichohicho, geuza: herufi manjano, ukingo mweusi wa sentimita moja, rangi ya chini nyekundu ileile. Kitaanza kusema bila kugusa kitu kingine.

#5 Futikamba
Kabla ya rangi na ukingo, herufi zina kimo gani? Kanuni ya wachora vibao ni inchi 1 ya kimo kwa kila futi 10 za umbali, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita 3. Mita 25 zinadai kama sentimita 21. Chini ya hapo unamlazimisha mtu akodoe macho.

#6 Fundi_Makupa
Futikamba, ni sentimita 14. Kwa kanuni yako zinasomeka vizuri hadi mita 17 hivi.

Lakini sikubali kwamba kesi imekwisha. Jengo la tatu kutoka hapo kuna kibao cha mafundi wa pikipiki, herufi nyeusi juu ya manjano, kimo hichohicho cha sentimita 14, na kutoka umbali uleule kinasomeka bila taabu. Kama kimo ndicho kosa, mbona hicho hakijaanguka?

#7 Futikamba
Kwa sababu kanuni hiyo ni ya kusoma kwa raha, siyo mwisho wa macho. Mtu mwenye macho mazima husoma hata mara tatu ya umbali huo ikiwa vingine vyote viko sawa. Kibao chako hakina kimoja kilicho sawa, basi kimo kidogo kinauma zaidi. Unene wa mistari je? Herufi ya giza juu ya mwanga, mstari uwe kama sehemu moja ya tano au ya sita ya kimo. Ya mwanga juu ya giza, punguza iwe moja ya saba au ya nane, kwa kuwa mwanga hutapakaa na kunenepesha mstari machoni.

#8 Nafasi_Kati
Nimeisoma #1 mara mbili. Neno lenyewe ni VYAKULA, na kwa herufi kubwa hilo ni mojawapo ya maneno magumu tuliyonayo. Liandike kwa rula, nafasi sawa kila mahali, uone kinachotokea.

V na Y zote zimepanuka juu na kuchongoka chini. Vichwa vinakaribia kugusana, miguuni kuna shimo. Y na A zinaegemeana upande mmoja kama mapaa mawili, kwa hiyo zikiwekwa kila moja kwenye mraba wake zinaonekana zimeachana. U na L ni mistari miwili iliyosimama, hizo huonekana zimebanana. Kisha ndio msiba wenyewe: L na A. L ni tupu juu, A ni nyembamba juu. Shimo lililo hapo ni kubwa kuliko yote, na huwezi kulifunga maana miguu yao inagusana. Kwa mbali watu husoma VYAKUL A. Na kwenye LA, mwanya wa L na A unakaribia mwanya wa kati ya maneno, basi unapata DUKA L A.

Dawa ni kuanza na jozi mbaya kuliko zote. Zisogeze L na A mpaka zisiweze kusogea tena, unaweza hata kufupisha mguu wa L kwa sehemu moja ya tano. Mwanya uliobaki ndio kipimo chako. Kisha fungua jozi nyingine zote zifanane nao kwa macho, siyo kwa rula: U na L ziachane, K na U ziachane kidogo, Y na A ziingiliane. Ukimaliza, geuza mchoro juu chini. Ukiwa juu chini huwezi kusoma, kwa hiyo utaona mianya peke yake, na penye shimo patajionyesha.

DAWA, WAYA, KILA, VYUMA, yote yana ugonjwa huo. Fonti nyingi zilipimwa kwa maneno ya lugha za wenzetu, nasi neno letu hupenda kuishia na A.

#9 Mwana_Kisauni
Dawa ni rahisi zaidi: andika kwa herufi ndogo. "Duka la vyakula" ina k, l na d zinazopanda, y inayoshuka, neno linapata umbo lake. Herufi kubwa zote ni matofali.

#10 Nafasi_Kati
Mwana_Kisauni, umbo la neno linasaidia kidogo, lakini unalipa kwa kimo. Kwenye herufi ndogo, a na u zina kama nusu hadi theluthi mbili ya kimo cha herufi kubwa. Bati ni lilelile. Kwa neno moja au mawili kwenye kibao mimi bado nachagua kubwa. Kwa sentensi ndefu nakubaliana nawe moja kwa moja.

#11 Mwana_Kisauni
Vibao vya barabara kuu nchi nyingi vimeandika majina ya miji kwa herufi ndogo baada ya ile ya kwanza. Uingereza ilifanya hivyo tangu barabara zake kuu za mwishoni mwa miaka ya 1950. Wale hawakukurupuka.

#12 Kivukoni_Likoni
Nyote mmesimama ng'ambo ya barabara mkikitazama kibao uso kwa uso. Anayekisoma hasa yuko ndani ya matatu, anakuja kwa ubavu.

Weka abiria mita 30 kabla ya duka, kibao kiko mita 10 pembeni mwa njia yake. Kutoka hapo upana anaouona ni kama sehemu moja ya tatu tu: milimita 2440 zinabaki kama 770. Herufi zilizobanwa ziwe nyembamba ili neno refu litoshe zinageuka miti ya ua. Hapo rangi yako hata iwe 19, mtu anaona vijiti.

Ongeza mwendo. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Kibao kinachosomeka kuanzia mita 35 kina sekunde mbili na nusu. Muda huo unatosha maneno matatu, basi. Picha ya majani ya chai haimo.

Suluhisho la pembe ni kibao kidogo cha pili kinachotoka ukutani kama bawa, pande mbili, chenye neno moja: VYAKULA. Kile kikubwa kibaki kwa wanaotembea.

#13 Bint_Kibokoni
Sekunde mbili na nusu ndiyo hoja yangu kwa namba. Shukran, Kivukoni.

Naongeza jambo la ukaribu. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer aliandika jinsi macho yanavyopanga vitu makundi: vilivyo karibu huhesabiwa pamoja, vinavyofanana huhesabiwa pamoja, mstari ulioanza jicho huuendeleza. Fundi anaweza kuijaribu kwenye namba za simu. Tarakimu kumi zikiwa mkufu mmoja hakuna anayezishika. Ziachanishe nne, tatu, tatu, zikae kichwani. Hujabadilisha fonti wala rangi, umesogeza nafasi mbili tu. Vivyo hivyo picha sita: zikikusanywa kwenye safu moja yenye mianya sawa, jicho linahesabu kitu kimoja kinachoitwa "bidhaa". Zikitawanyika ni vitu sita.

#14 Leso_Mbili
Dadangu Bint_Kibokoni, leso naijua na naipenda, lakini umeipa kazi isiyokuwa yake. Leso ni kama sentimita 150 kwa 110, husomwa na mtu aliye hatua mbili tatu nawe, nyuma ya mvaaji. Jina lake ni la jirani kusoma. Zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndio zikaja hizi za Kirumi. Tena leso hukatwa jozi na hufungwa: nusu ya mji hupotea kwenye mikunjo. Mchoraji wake anajua hivyo, ndiyo maana anarudia ua lilelile na kuzungusha pindo pande zote, ili popote utakapofunga kibaki kitu kizima. Kibao hakifungwi. Kukiwekea pindo nene pande zote nne ni kupoteza bati.

#15 Bint_Kibokoni
Sikusema achore pindo. Nimesema aache pindo: ukingo mtupu pande zote, upana wa moja ya kumi ya kimo cha kibao, sentimita 12. Pindo tupu nalo ni pindo.

#16 Leso_Mbili
Hapo nimekuelewa, na hapo tuko pamoja.

#17 Rangi_na_Jirani
Mmeitaja leso mkapita rangi zake mbio. Kisutu, ile ya bi harusi, ina nyekundu, nyeusi na nyeupe tu. Nyeupe iliyo kati ya nyekundu na nyeusi inaonekana nyeupe kuliko nyeupe ya shuka. Nyuzi hazijabadilika, jirani zake ndio waliozigeuza.

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia idara ya kutia rangi kwenye kiwanda cha Gobelins kule Paris kuanzia 1824. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu. Akazipima, akazikuta nzima. Kosa lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake. Akalichapisha jambo hilo mwaka 1839, na wachoraji wa Ulaya wakalichukua.

Kwa kibao hiki: nyekundu kali na buluu kali zikikaribiana hutetemeka, hata ukingo mwembamba ukiwa kati yao, mpaka wao hautulii machoni. Hiyo "kumetameta" aliyoitaja Fundi ni hiyo, siyo manjano peke yake. Mkono_wa_Brashi asinikasirikie, lakini hata akigeuza ukingo, mtetemo utapungua tu kwa kiasi rangi hizo mbili zilivyotenganishwa.

#18 Mkono_wa_Brashi
Sikasiriki. Ndiyo sababu nimesema ukingo mweusi: nyeusi huituliza nyekundu na manjano zote mbili. Jaribu uone.

#19 Chumvi_na_Jua
Duka linatazama wapi? Hapa tuko kama digrii 4 kusini ya ikweta. Machi na Oktoba jua la adhuhuri linakaa juu ya utosi. Kibao kikiwa chini ya ukingo wa paa, jua likishainama kidogo kivuli kinakata bati katikati: nusu ya juu giza, nusu ya chini inawaka. Mstari wa kivuli ndio unakuwa mstari wenye nguvu kuliko wote kwenye kibao, na kwa kawaida unapita kwenye jina. Hakuna mpangilio unaoshinda hilo ila kukishusha au kukisogeza mbele.

Pili, rangi ya mafuta inayong'aa. Kikitazama magharibi, saa kumi na moja jioni hugeuka kioo. Ipakwe isiyong'aa, angalau tabaka la mwisho.

Tatu, nyekundu yetu ya bei nafuu hupauka kuwa waridi. Kwenye mabango yaliyochapishwa, wino wa waridi na wa manjano hutangulia kufa, ule wa samawati na mweusi hubaki. Ndio maana mabango ya zamani yote yamekuwa ya kibuluu. Basi usiliweke neno muhimu kwenye rangi itakayokufa kwanza. Na kwa chumvi hii ya pwani bati lipigwe rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili na kwenye kingo zilizokatwa, maana kutu huanzia hapo na kuchuruzika juu ya herufi.

#20 Mwana_Kisauni
Tangu 2018 kaunti ilipoagiza majumba ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, kila kibao kinagombana na ukuta unaowaka. Kibao cha giza juu ya ukuta huo kinaonekana kama dirisha lililo wazi. Unaliona umbo, ndani huoni.

#21 Kivukoni_Likoni
Na mstari mmoja ukitosha unatosha. Ile manjano ya ubavuni mwa matatu, iliyokuja na kanuni zilizoanza kutumika Februari 2004, ni mlia mmoja tu unaozunguka gari, lakini unajua hiyo ni ya abiria kabla hujaona kiti.

#22 Hesabu_Tudor
Tukiwa hapo, mapembe ya ndovu ya Moi Avenue, yale ya sanamu, nayo ni somo la mizani. Manne, yanavukana juu ya barabara, kushoto sawa na kulia, na yakipangana yanatoa herufi M. Hakuna neno hata moja.

#23 Leso_Mbili
Na Ngome ya Yesu ukiitazama kutoka angani ina mfano wa mtu aliyelala. Cairati, msanifu wake Mwitaliano, aliianza 1593. Lakini tumetoka nje ya duka, turudini.

#24 Mpenda_Uwiano
Mimi nashangaa hakuna aliyetaja uwiano wa dhahabu, 1.618. Kibao cha 2 kwa 1 ni kirefu mno kwa macho. Kikikatwa 1970 kwa 1220 kitatulia chenyewe.

#25 Futikamba
Yakhe, kibao ni 2 kwa 1 kwa sababu bati na mbao za viwandani huja futi 8 kwa 4. Ukikata unatupa milimita 470 za upana ulizolipia, na neno lina herufi saba, linataka upana. Karatasi ya A4 ni 1.414, leso ya Bint ni karibu 1.36, na zote zinapendeza. Uwiano huamuliwa na kinachokaa ndani.

#26 Mpenda_Uwiano
Kwa bati nimekubali. Kwa mgawanyo wa ndani bado nashikilia: jina lichukue kama theluthi mbili, vingine theluthi. Ukigawa nusu kwa nusu hakuna mkubwa.

#27 Fundi_Makupa
Shukran kwa wote. Nimekipanga kibao upya kwa hesabu zenu, tazameni palipobaki kosa.

Pindo tupu sentimita 12 pande zote, zinabaki milimita 2200 kwa 980. Maneno yote matatu kwa mstari mmoja yana herufi 13 na nafasi 2. Kila moja ikichukua kama 0.8 ya kimo, kwa kimo cha sentimita 21 nahitaji 2520. Haitoshi. Kwa hiyo mistari miwili: DUKA LA juu, VYAKULA chini, kila mmoja hatua saba. Kimo 300, urefu kama 1680. Mwanya kati ya mistari 100, kisha 140, kisha namba moja ya simu kwa kimo cha 120. Jumla 960, inaingia. Mistari ya herufi milimita 40. Manjano juu ya nyeusi. Nyekundu nimeiondoa, picha zinahamia kwenye dirisha la duka, karibuni na mshale nimevifuta. Kazi: rangi ya kutu tabaka moja, nyeusi isiyong'aa mbili, uzi wa chaki kwa mistari ya juu na chini, penseli, kisha brashi bapa ya inchi moja na nusu.

#28 Nafasi_Kati
U ya DUKA na ya VYAKULA ishushe chini ya mstari wa chaki milimita 4 hadi 6. Umbo la mviringo likiishia sawasawa kwenye mstari linaonekana fupi kuliko majirani zake. Na kundi zima lisikae katikati kwa futikamba. Lipandishe milimita 15 hivi, maana katikati ya macho iko juu kidogo ya katikati ya rula. Likikaa katikati kamili linaonekana linateleza.

#29 Futikamba
DUKA LA ni fupi kuliko VYAKULA kwa macho, kwa sababu ya ile nafasi tupu. Usilivute lilingane. Anzisha yote mawili kushoto mstari mmoja, upande wa kulia uachwe wazi. Hapo jicho lina ukingo wa kushika.

#30 Bint_Kibokoni
Sikubali. Mlango uko katikati chini yake, paa lina pembe katikati, kila kitu pale ni pande mbili sawa. Ukianzia kushoto kibao kitaonekana kimesogezwa na upepo. Katikati.

#31 Rangi_na_Jirani
Na mwenye duka atauliza wekundu wake umekwenda wapi. Rangi ya duka ndiyo wateja wanayoikumbuka: "lile jekundu". Nyekundu iliyokoza, karibu na damu ya mzee, na herufi nyeupe, inapita kipimo cha Hesabu_Tudor na duka linabaki na sura yake.

#32 Chumvi_na_Jua
Itapita mwaka wa kwanza. Wekundu huo ukipauka, nyeupe juu ya waridi itabaki na nini? Nyeusi nayo hupauka, lakini ikipauka ni kijivu cha giza, na manjano bado yako juu yake.

#33 Mkono_wa_Brashi
Fundi, paka vipande viwili vya futi moja, manjano juu ya nyeusi na nyeupe juu ya nyekundu iliyokoza, herufi L na A kwenye vyote viwili. Vitundike palepale juu ya mlango, uvitazame saa nne asubuhi, adhuhuri na saa kumi na moja, kutoka ng'ambo na kutoka kituo cha matatu. Utuletee picha, zenye rangi na zilizoondolewa rangi.